"Ya nne siendi": barua ya mume aliyeko Tanga, na jibu la Bibi

Shikamoo Bibi,

Mimi ni fundi umeme, naishi Tanga, nina miaka 41. Mke wangu ana miaka 37, ni fundi cherehani. Tuna watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tano, mdogo ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Mwishoni mwa mwaka jana mke wangu aligundulika ana saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, titi la kushoto likaondolewa, kisha tukapangiwa kemo, yaani dawa kali za saratani, katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam: dripu nane, moja kila baada ya siku 21. Nne za mwanzo ni zile zenye dawa nyekundu, nne za mwisho ni dawa nyingine. Tumemaliza tatu. Kila safari tunapanda basi la alfajiri, tunashuka Mbezi, tunalala kwa binamu yangu Mbagala, kesho yake dripu, keshokutwa tunarudi Tanga yeye akiwa ameshika mfuko wa kutapikia njia nzima.

Bibi, sikuandikii kuhusu ugonjwa, huo madaktari wanaujua. Nakuandikia kwa sababu humu ndani mimi na yeye tumeanza kuogopana.

Hataki kula. Nikikaanga vitunguu anatoka mbio, anatapikia chini ya mwembe. Siku moja nilinunua changu mzima, nikampikia mchuzi wa nazi kama anavyoupenda siku zote. Alionja kijiko kimoja akasema una ladha ya misumari. Nikamwambia, "Kula! Unataka kufa?" Neno limenitoka, Bibi, na watoto walikuwa pale pale mkekani.

Siku mbili tatu za kwanza baada ya dripu halali kabisa. Saa nane usiku utamkuta anapanga vyombo, anagomba na mimi kwa mambo ya miaka mingi nyuma ambayo tulishayamaliza. Siku ya nne au ya tano anazima kama taa. Haongei, amegeukia ukutani, analia.

Baada ya dripu ya pili, kama siku ya kumi hivi, alipata homa usiku. Kipimajoto kilisoma 38.6. Nikampa paracetamol mbili, nikampangusa kwa kanga yenye maji, homa ikashuka, nikamshukuru Mungu. Kesho yake mchana hakuweza kusimama. Tulipofika hospitali wakasema chembechembe nyeupe za damu zimeshuka mno, akalazwa siku sita. Daktari aliniuliza kwa nini sikumleta usiku ule ule. Sina jibu mpaka leo.

Mama mkwe amekuja kukaa nasi. Ni mama mwema na namheshimu. Lakini amekuja na chupa ya mizizi iliyochemshwa, anasema kemo inamuunguza mwanawe na hii itamsafisha damu. Nimewakuta jikoni akimnywesha, sikusema kitu. Jirani naye ananiambia watoto wasilale karibu na mama yao kwa sababu dawa inatoka kwa jasho, na mimi nihame chumba. Nimehama. Mke wangu hajauliza kwa nini. Nahisi anafikiri ni kwa sababu ya kovu.

Jana alipata nguvu kidogo. Nikamkuta kwenye cherehani, amefunua shuka lililoifunika tangu upasuaji, anapinda sketi ya sare ya mtoto wetu mdogo. Nikamwambia asijichoshe, nikaichukua ile sketi mkononi mwake, nikamrudisha kitandani. Jioni akaniambia, "Ya nne siendi. Basi, imetosha." Dripu ya nne ni baada ya siku tisa.

Na mimi nimechoka. Juzi nikiwa kwa mteja nimeshika waya kabla sijazima swichi kuu. Miaka 18 ya kazi haijawahi kunitokea.

Nifanye nini ili aendelee na dawa?

Baba wa Wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole hiyo ni yako pia, si ya mgonjwa peke yake.

Nimekuwa muuguzi miaka 31, na marehemu mume wangu nilimuuguza saratani ya utumbo mpana, kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili: mara moja kwa macho ya kazini, mara moja kwa macho ya mke. Yote nitayafikia. Lakini kwanza homa, maana hiyo haisubiri zamu yake.

Umesema dripu ya nne ni baada ya siku tisa. Piga hesabu. Maana yake siku unaniandikia mlikuwa siku ya 12 tangu dripu ya tatu, na kwa dawa nyekundu, kati ya siku ya 10 na ya 14 ndipo chembechembe nyeupe hufika chini kabisa. Hizo ndizo askari wa mwili. Zikipungua hivyo, mdudu mdogo aliyekuwa akikaa mdomoni au kwenye ngozi bila madhara anaweza kuingia kwenye damu, na kwa saa chache mtu akawa hoi. Mara nyingi homa ndiyo kengele pekee unayopata, bila kikohozi, bila usaha, bila chochote kingine. Wewe usiku ule uliizima kengele. Paracetamol ilishusha joto, wadudu wakaendelea na kazi yao.

Sikusemi ili uumie. Nyumba nyingi hufanya hivyo hivyo kwa sababu hakuna aliyewaeleza wakaelewa. Lakini kuanzia leo: kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, hampi paracetamol, hampi diclofenac, hamsubiri kupambazuke. Mnakwenda hospitali ya Bombo hapo Tanga, iwe saa tisa usiku, iwe mvua. Na mkifika msipange foleni mkanyamaza. Mwambie mtu wa kwanza anayevaa sare: "Huyu yuko kwenye kemo, ana homa, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Sentensi hiyo iandike kwenye karatasi uiweke pamoja na kadi yake, maana usiku ule utababaika. Mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa apate antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike. Na kama anatetemeka kwa baridi, au amechanganyikiwa, au amelegea mno, nenda hata kama kipimajoto kinasema 37.5. Kwapa hupima chini kidogo kuliko mdomo. Weka na nauli ya bodaboda au bajaji pembeni, pesa isiyoguswa kwa jambo lingine lolote.

Sasa ule ugomvi wa saa nane usiku. Angalia kwenye mfuko wa dawa anazorudi nazo, uone kama kuna kidonge kinachoitwa dexamethasone. Karibu kila mgonjwa wa dawa nyekundu hupewa, kwa ajili ya kuzuia kutapika. Dawa hiyo hukesha na mtu. Humfanya mkali, mwenye haraka, anayekumbuka madeni ya zamani. Ikiisha, mwili unaporomoka: uchovu, huzuni, kilio. Siku mbili tatu za moto halafu siku za kugeukia ukutani, ndivyo ulivyoniandikia, na ndivyo dexamethasone inavyokwenda. Siwezi kusema kilio chote ni cha kidonge. Mwanamke aliyepoteza titi na nywele ana haki ya kulia. Ila nusu ya maneno uliyoyameza kama mishale huenda hayakutoka kwake. Mwulize daktari kama dozi yote inaweza kumezwa asubuhi baada ya kula badala ya jioni, na umwambie wazi kwamba halali. Msiiache wala kuipunguza wenyewe.

Mwambie na yeye. Hili ni muhimu kuliko unavyofikiri. Naye anajiona akigomba na hajui kwa nini, pengine anaamini ameharibika tabia.

Chakula. Mwanangu, mchuzi wa changu kwa mtu wa siku ya tano ni upendo uliokosea tarehe. Dawa hizi hugeuza ulimi, nyama na samaki ndivyo huwa vya kwanza kuonja chuma. Si kwamba anadeka. Jaribu kijiko cha mti au cha plastiki badala ya cha bati. Jaribu vitu vilivyopoa, maana chakula cha moto ndicho chenye harufu: viazi vitamu vilivyopoa, ndizi, mtindi wa dukani, uji mwembamba wenye ndimu, chungwa la Muheza lililooshwa na kumenywa vizuri. Vijiko vinne kila baada ya saa mbili, hiyo ni karamu. Vitunguu vikaangwe yeye akiwa mbali, au visikaangwe kabisa wiki hiyo. Kachumbari na maziwa mabichi viacheni kwa sasa, mayai yaive hadi kiini kigande.

Na kidonge cha kuzuia kutapika kimezwe kabla kichefuchefu hakijaja. Wengi hungoja mpaka watapike ndipo wakimeze, nacho kinatoka pamoja na uji. Ondansetron, mojawapo ya vidonge hivyo, hufunga choo, kwa hiyo maji, papai, na asipopata choo siku tatu mwambieni daktari. Mdomo ukianza vidonda, asukutue mara nne kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, na mswaki uwe laini. Akishindwa kumeza hata maji, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Jirani yako amesikia jambo la kweli akalikuza. Ndiyo, dawa hutoka kwenye mkojo, choo, matapishi, kidogo na kwenye jasho, na saa 48 za mwanzo ndizo zenye uzito. Kwa hiyo siku hizo vaa glovu unapofuta matapishi, shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, chooni mwageni maji mara mbili, na wewe mwenyewe unawe. Mkitaka tendo la ndoa tumieni kondomu, siku hizo na katika kipindi chote cha dawa, na mimba isiingie kabisa wakati huu. Mkojo ukiwa mwekundu siku ya kwanza ni rangi ya dripu, si damu, waambie na watoto wasishtuke wakiuona. Basi. Hakuna dawa inayomrukia mtoto aliyelala kwenye mkono wa mama yake. Anayepaswa kukaa mbali naye ni mwenye mafua, mwenye kikohozi, mtoto mwenye tetekuwanga, hata akiwa shangazi aliyesafiri kutoka Lushoto na kuku wa zawadi.

Kwa hiyo rudi chumbani kwako leo. Usitume mtu, usihamishe godoro kimyakimya. Mwambie kwa mdomo wako: "Nilihama kwa sababu ya maneno ya jirani kuhusu dawa, sikuhama kwa sababu ya kovu." Huenda asikujibu. Lala hapo hapo.

Mama mkwe ana mwana mmoja anayeungua mbele ya macho yake, na wewe umempa nini cha kufanya? Amejitafutia kazi yake: chupa. Usimvunjie heshima, na usinyamaze tena. Kaa naye, mwambie: "Mama, ini la mwanao sasa hivi linachuja dawa kali. Hatujui hii mizizi ikikutana na zile inafanya nini. Tuipeleke kwa daktari tumwonyeshe, tusimfiche." Na kweli mpeleke chupa. Mwambie pia jambo hili, litamgusa: dawa ya pili ambayo mwanawe ataianza baada ya dripu ya nne mara nyingi huwa paclitaxel, na asili yake ni gome la mti unaoota pwani ya magharibi ya Marekani. Hatupingi miti. Ya hospitali imepimwa, inajulikana kipimo gani humfaa mtu wa kimo na uzito gani na inagombana na nini. Yake haijapimwa. Halafu mpe zamu: yeye ndiye mwenye kipimajoto, asubuhi na jioni, chini ya kwapa, anaandika kwenye daftari tarehe na namba. Kama hajui kuandika, mjukuu wa darasa la tano ataandika.

Daftari hilo ndilo nililokosa mimi. Kila siku mstari mmoja: siku ya ngapi tangu dripu, joto, ametapika mara ngapi, amekula nini, amelala, choo. Daktari ana dakika chache za kukaa nanyi, na mke wako mbele ya daktari atasema "sijambo" kama wanawake wote wa Tanga walivyolelewa. Daftari halisemi sijambo.

Sasa swali lako. Umeuliza ufanye nini ili aendelee. Nakuomba uliweke pembeni kwanza, maana hujamwuliza yeye swali lililo mbele yake: basi ya nini? Imetosha nini? Inaweza kuwa ni kutapika kwenye basi mbele za watu kutoka Mbezi hadi Tanga. Inaweza kuwa zile siku sita za kulazwa. Inaweza kuwa ni kitanda cha upande mmoja. Kila moja ina dawa yake. Kutapika, daktari anaweza kuongeza au kubadili vidonge; kipo kingine, olanzapine, humezwa usiku kwa dozi ndogo na huwasaidia wengi walioshindwa na vya kawaida, na humpa mtu usingizi. Chembechembe zikishuka sana kama safari ile, wanaweza kusogeza tarehe, kupunguza dozi, au kumpa sindano za kuziinua. Safari, mnaweza kukaa Mbagala siku mbili zaidi mpaka tumbo litulie. Lakini hawawezi kurekebisha wasichoambiwa.

Na kuna hesabu moja ambayo huenda hajaifanya kwa sababu ya uchovu: ya nne ndiyo ya mwisho nyekundu. Zinazofuata, kama ni paclitaxel, kwa kawaida hutapisha kidogo sana. Usimdanganye kwamba hazina lao. Siku ya pili na ya tatu huleta maumivu ya mifupa na misuli, na taratibu huleta ganzi vidoleni na nyayoni. Mke wako ni fundi cherehani. Vidole ndiyo ofisi yake. Daktari aambiwe hilo kabla ya dripu ya kwanza ya dawa hiyo, na ganzi ikianza asivumilie, aseme siku ya kwanza anaposhindwa kufunga kifungo, ili dozi iangaliwe mapema.

Akishasikia yote hayo, akiwa ametulia, mbele ya daktari, akisema bado hataki, ni mwili wake, mwanangu. Utaumia, nami nitaumia nawe, lakini hutamburuta kwenye basi. Tatizo ni kwamba mpaka sasa hakuna aliyemsikiliza hata akafika hapo.

Kuhusu wewe. Ule waya umenitisha kuliko barua yote iliyobaki. Mwite ndugu mmoja wa kwenu au wa kwao, mpe usiku mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa, tuseme, na usiku huo ulale hata ikibidi ulale kwa rafiki. Kazi za juu ya dari na nguzo mpe fundi mwenzako mgawane malipo kwa miezi hii. Na lile neno lililokutoka mbele ya watoto, waombe msamaha wote watatu, kwa ufupi. Watoto walikusikia ukisema "kufa", na usiku wanalifikiria. Waambie mama anaumwa saratani, jina lake hasa, kwamba dawa ndiyo inayomtapisha na kumnyoa nywele, na kwamba si kosa la mtu yeyote.

Nimalizie na jambo ambalo sijapata kumwandikia mtu. Mume wangu alikuwa akipata dripu ambayo hufanya baridi iume. Siku moja alishika mlango wa friji akapiga ukelele kama aliyepigwa shoti, glasi ikamponyoka. Tangu siku hiyo mimi, muuguzi, nilimkataza friji, nikamkataza jiko, nikamkataza kumwagilia miche yake ya mipilipili kwa kuwa maji ya asubuhi ni ya baridi. Nilimpimia, nilimgeuza. Nyumba yake mwenyewe nikaifanya wodi, yeye akawa kitanda namba moja. Alikuwa akiitazama ile mipilipili dirishani. Ningeweza kumpashia maji ndoo moja. Ndoo moja tu, mwanangu, na jiko lilikuwa hapo.

Mke wako alifunua cherehani kwa mkono wake. Siku ile ndiyo siku aliyokuwa mzima kuliko zote ulizoniandikia, na ni jioni yake ndipo aliposema basi. Ile sketi iko wapi? Upindo haujaisha. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mrudishie. Kama vidole vinatetemeka mtungie uzi kwenye sindano, kisha toka nje umwache ashone.

Bibi